Tovuti Iliyokataa Kuanguka

Tovuti ya Mama Mapazia ilianguka tena Jumatatu asubuhi, na kama kawaida kila mtu karakanani alijua ni mzigo wa nani, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia mwenyewe.

Habari zililetwa na mteja. Alikuwa mwanamke aliyejenga nyumba ya wageni, vyumba tele, madirisha mapana kutoka sakafuni hadi juu, mteja ambaye fundi wa mapazia huomba dua ampate. Alisimama mlangoni ameinyoosha simu mbele yake kana kwamba ameiokota barabarani na anamtafuta mwenyewe.

"Fundi, tangu asubuhi najaribu kuingia kwenye tovuti yako nipime madirisha yangu. Naona ukurasa mweupe peee."

"Labda ni simu yako, dada," Mama Mapazia akasema.

Bi Pini, aliyekuwa amepiga magoti akibana pindo la pazia, aliinua macho. Alikuwa na pini midomoni, kama alivyokuwa nazo tangu ujana wao, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya anyamaze.

"Simu yangu ni mpya," mteja akasema.

"Basi mtandao wa mtaani kwenu. Mitandao siku hizi imekosa adabu."

Yule mwanamke alisema haya, atajaribu baadaye. Aliufunga mlango taratibu, kwa heshima zote, na Mama Mapazia akajua hapo hapo kwamba harudi. Mteja anayerudi huubamiza.

Bi Pini alizitema pini kiganjani. "Umeisingizia simu ya mwanamke wa watu."

"Ulitaka nimsingizie nani?"

"Usimsingizie yeyote. Sema tu, tovuti yangu inalala chumbani kwa mkwe wangu, na mtu akipiga chafya humo inaanguka."

"Chunga ulimi wako. Yule ni mkwe."

"Ndiyo nasema, mkwe. Sikusema mjomba."

Hapa inabidi mambo yaelezwe tangu mwanzo, maana bila mwanzo Mama Mapazia ataonekana mwongo, naye si mwongo. Alikuwa mama mkwe tu.

Kijana yule alikuja kuposa akiwa na rafiki mmoja na kompyuta. Hakuwa na baba wala mama, bibi aliyemlea alikuwa ameshafariki, na wajomba wa binti, waliozoea kuona posa ikija na msafara, walikaa kwenye makochi wakitupiana macho. Alipoulizwa amekuja na nini, alijibu: "Sina mengi. Lakini nitamtengenezea mama tovuti, na nitaitunza maisha yangu yote." Wajomba walicheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Mama Mapazia hakucheka. Aliona kwamba kijana alisema "maisha yangu yote" akimtazama yeye, si wajomba, na akakata shauri kwamba huyu anamchukua, hata binti akibadili mawazo.

Na aliitengeneza kweli. Kwa majuma mengi alifika karakanani, akakaa kwenye stuli kando ya meza ya kukatia, akauliza maswali. Kwa nini kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha? Kwa sababu ya marinda, mwanangu; pazia lisilo na marinda ni shuka lililotundikwa. Kwa nini pindo la chini liwe kubwa hivyo? Ili pazia lipate uzito, lisipeperuke kila mtu akifungua mlango. Siku moja alikuja muuza vitambaa akaapa kwamba chake hakisinyai kabisa kikifuliwa. Mama Mapazia alimshukuru, akamfungulia mlango. Aliyemfuata alisema chake kinasinyaa kidogo, upana wa vidole viwili hivi, na zaidi kikilowekwa kwenye maji ya moto. Kwa huyo ndiko alikonunua.

Kijana aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Mama, mbona umemkataa asiyesinyaa ukamchukua anayesinyaa?"

"Kila kitambaa kinasinyaa," alimjibu. "Huyu wa pili amewahi kukifua."

Kijana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu kabatini, akaendelea kuandika.

Kilichotoka kwenye maswali hayo ni tovuti ambayo hakuna fundi mwingine mjini aliyekuwa nayo. Mteja aliandika upana na urefu wa dirisha lake, nayo ikamwambia kitambaa kiasi gani, bitana kiasi gani, pete ngapi, kisha ikampelekea Mama Mapazia oda na kuifanya simu ya karakana ilie kama kengele ya baiskeli. Mama Mapazia alivimba kichwa. Aliwaonyesha wajomba mmoja mmoja.

Tatizo lilikuwa makazi. Tovuti, Mkwe alimweleza, ni kama mpangaji: lazima iwe na mahali pa kukaa, mashine isiyozimwa, ili mtu akiitafuta aikute nyumbani. Wengi huzipangisha tovuti zao kwenye kampuni zenye kazi hiyo. Yeye hakutaka ya mama mkwe wake ikae kwa watu baki. Aliiweka kwenye mashine yake mwenyewe, chumbani, kando ya kitanda. Mama Mapazia alipokwenda kuwatembelea aliiona inavyovuma kama feni mbovu, akaishonea kijipazia cha kuzuia vumbi.

Lakini ilianguka. Ilianguka umeme ukiyumba, ilianguka joto likizidi, na mara nyingi ilianguka asubuhi bila sababu ambayo mtu aliweza kuitaja. Na mkwe haambiwi kwamba kazi yake ni mbovu. Hata mkwe mwenye ukoo wa kujaza uwanja haambiwi, sembuse huyu ambaye tovuti ndiyo kiti chake katika familia. Ukimwondolea, umemwambia asimame. Hilo ndilo lililomkosesha Mama Mapazia raha, si mteja wa nyumba ya wageni, ingawa madirisha yale nayo yalimuuma.

Jumatatu hiyo, chai haijachemka, Mkwe akatokea. Simu yake ilikuwa ikipiga mluzi kila tovuti ilipoanguka, naye alikuwa akija mbio. Alipangusa viatu mlangoni, akavipangusa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Za huko?"

"Nzuri, mama. Samahani sana. Kuna hitilafu ndogo tu."

"Hitilafu? Hata sikujua."

Bi Pini alikohoa karibu ameze pini.

Mkwe alikaa kwenye stuli yake, mgongo wima kama mtu wa usaili, akafungua kompyuta. Mama Mapazia alimwekea chai karibu na mkono. Na hapo ndipo palipokuwa na siri nyingine, ambayo Mama Mapazia hakumwambia hata Bi Pini: alizipenda asubuhi hizo. Mkwe hakuwa mtu wa kuja bila jambo. Aliogopa kuonekana amezoea. Lakini tovuti ikianguka alikuwa na ruhusa, na baada ya kikombe cha kwanza mgongo ulilegea, baada ya cha pili aliongea, kuhusu kazi, kuhusu bibi yake, kuhusu namna alivyokuwa mtoto mwenye kufungua kila redio ya jirani na kubakiza nati. Cherehani ilikwenda, yeye akaongea, chakula kikafika, akala akiwa ameinama kwa haya, akaongezewa bila kuulizwa.

Siku hiyo kabla ya kuondoka alisimama na begi lake. "Mama, kuna mteja aliyesumbuka leo?"

"Hata mmoja."

Mkwe akamtazama Bi Pini. Bi Pini akatazama dari. Mkwe akaaga.

"Mwanamke wewe," Bi Pini akasema mlango ulipofungwa, "unampaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa. Msimu wa shule kufunguliwa unakuja, mabweni yote yatataka mapazia, na tovuti yako itakuwa imelala chali. Tafuta kampuni. Kampuni kabisa, yenye jengo na watu."

"Na yeye nitamwambiaje?"

"Tafuta kwanza. Maneno yatakuja."

Basi akaanza kutafuta kwa siri, mwanamke mzima, akifunga mlango wa stoo ya vitambaa kila anapopiga simu, kama msichana mwenye mchumba. Mambo ya mitambo hakuyajua na hakujisumbua kujifanya anayajua. Aliwauliza swali analowauliza wauza vitambaa, ila alilibadilisha kidogo.

Kampuni ya kwanza ilipokea simu haraka ajabu. Alikuwa kijana mwenye sauti ya matangazo.

"Mara ya mwisho mlianguka lini?" Mama Mapazia akauliza.

"Sisi hatuanguki, mama. Hatujawahi, na hatutawahi."

"Hongereni," akasema, akakata.

Ya pili ilipokelewa na mashine iliyomtaka abonyeze moja, kisha tatu, kisha nyota, kisha ikampigia muziki. Aliiweka simu mezani akashona pindo zima kwa muziki huo. Bi Pini alikiri kwamba haukuwa mbaya. Hakuna binadamu aliyetokea. Ya tatu walijua kila kitu duniani isipokuwa alichowauliza.

Ya nne ilipokelewa na binti mwenye sauti iliyokwaruza.

"Mara ya mwisho mlianguka lini?"

Kukasikika kicheko kidogo. "Niwie radhi, mama. Sijakucheka wewe. Tulianguka miezi michache iliyopita. Tulikuwa tunahamisha mitambo, tukachomoa waya ambao haukutakiwa kuchomolewa. Tovuti za watu zilizima asubuhi nzima. Nilipokea simu za wenye hasira mpaka sauti ikakauka, na haijarudi vizuri mpaka leo, ndiyo hii unayoisikia."

"Pole. Na mlifanyaje?"

"Tuliwaambia wateja wenyewe kabla hawajatuuliza. Kisha tukaipaka kila waya rangi yake."

Mama Mapazia alivuta robota la kitambaa akalikalia. "Vitu vyangu vikipotea je?"

"Kila siku tunachukua nakala, na nakala hazikai jengo moja na mitambo. Jengo likiungua, Mungu apishe mbali, vyako vipo."

"Na nikichoka nanyi? Naondoka na vyangu, au mnafunga mlango?"

"Unaondoka na kila kitu, mama. Tutakusaidia hata kufunga mizigo."

Aliyapenda majibu hayo. Lakini pazia halisifiwi siku ya kutundikwa. Yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kurudi kwa mteja baada ya ufuaji wa kwanza, aone limekaaje. Kwa hiyo alipiga tena Jumapili, wakati wa chakula, wakati ambao mtu hapaswi kumpigia hata ndugu. Alipokea mwanamume ambaye bila shaka alikuwa na tonge mdomoni, lakini alipokea. "Ahaa," akasema akimeza, "wewe ndiye mama wa swali la kuanguka." Kwa hiyo walikuwa wakisimuliana. Mama Mapazia alisema asante, nitawajulisha. Jina la tovuti hakulitaja. Akilitaja, aliona, atakuwa amekwisha kumsaliti mtu.

Sasa sikiliza ajabu. Wakati wote huo tovuti haikuanguka. Juma likapita, likaja jingine, umeme ukayumba mpaka taa za mtaa zikapepesa, na tovuti ikasimama wima. Oda zililia kama kengele ya baiskeli asubuhi na jioni. Bi Pini alisema labda imeogopa.

Mama Mapazia alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa akitazama stuli. Hakuna aliyeikalia, kwa hiyo vitambaa vilianza kuikalia: kwanza kipande kimoja cha bitana, kisha kingine, mwishowe lundo. Aliviondoa. Kesho yake vikarudi. Alijikuta anachemsha chai kwa birika kubwa, halafu anamwaga. Mkwe hakutokea, hakupiga simu, isipokuwa ujumbe wa salamu, mfupi, wa heshima, wa kukata maini.

"Amejua," alimwambia Bi Pini.

"Amejua nini?"

"Kwamba nampigia simu watu baki. Mambo ya mtandao ni yake, lazima ana namna ya kujua. Amejua na amenuna."

"Wakwe hawanuni."

"Ndiyo maana hanuni. Anapotea."

Kisha akaja binti yake mwenyewe, akitoka zamu hospitalini, sare yake imenyooshwa mpaka kola inakata. Alibusu mashavu ya mama, akavua viatu, akajitupa kwenye lundo la stuli.

"Mumeo hajambo?" Mama Mapazia akauliza, akijifanya anatunga uzi kwenye sindano.

"Hajambo. Kanyamaza tu siku hizi. Anatembea tembea ndani kama aliyepoteza ufunguo."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi raha mustarehe, mama. Nalala kama mtoto. Chumba kimyaaa."

Uzi ukalikosa tundu. Bi Pini na Mama Mapazia wakatazamana. Katika umri wao, na kwa yote waliyoyaona, chumba cha wanandoa kikiwa kimya kulikuwa na maelezo machache, na hakuna hata moja zuri.

"Kimya kivipi?" mama akauliza taratibu.

"Kimya tu! Na napiga pasi ninapotaka." Binti akacheka, akala, akalala kidogo juu ya vitambaa, akaenda zake akiwa amechangamka, akamwacha mama yake roho iko mkononi.

Mama Mapazia hakuweza kushona. Alizima cherehani akakaa. Aliona yote wazi: kijana amejua, ameumia, na maumivu yamehamia chumbani kwake. Amehama kitanda. Mtoto wake, kwa sababu ni wa kizazi cha siku hizi, anaita hiyo raha. Na yote hayo kwa sababu mama mkwe alitaka ukurasa usiwe mweupe.

"Nimemnyang'anya mtoto wa watu kiti," alisema. Macho yalikuwa yamejaa, na hakuyaficha. "Nampenda yule kijana, Bi Pini. Nampenda kuliko nilivyompenda hata baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, na yule alikuwa mtu mzuri."

"Baba mkwe wako alikuwa anakoroma mezani."

"Alikuwa mtu mzuri."

Bi Pini aliweka pini zake zote kwenye kimto. Alikuwa haweki pini zote isipokuwa msibani. "Basi amua," akasema.

Ikaamuliwa. Tovuti ibaki chumbani kwa Mkwe, na ianguke inavyotaka. Mabweni yakija, yatakuja kwa miguu. Kilichobaki ni kuwaambia watu wa kampuni, maana hakuwa mtu wa kumwacha mwenzie akingoja jibu. Safari hii hakufunga mlango wa stoo.

"Binti yangu," alimwambia yule wa sauti iliyokwaruza, "nyie ni watu wazuri, lakini sitakuja. Ni mambo ya kifamilia."

"Hakuna neno, mama. Ila nitajie jina la tovuti nikuwekee pembeni. Ukibadili mawazo utatukuta, hutaanza upya."

Hakukuwa na usaliti tena wa kuogopa. Akalitaja. Alisikia vidole vikiandika, kisha vikasimama, kisha vikaandika tena.

"Mama, una uhakika na jina hili?"

"Ni langu. Nitakosaje uhakika?"

"Basi tovuti hii iko kwetu."

"Iko kwenu wapi?"

"Kwetu hapa. Kwenye mitambo yetu. Imekaa tangu mwezi uliopita na haina shida yoyote."

Mama Mapazia alishika ukingo wa meza ya kukatia. "Nani aliileta?"

"Siruhusiwi kumtaja mteja, mama. Utanisamehe." Binti akasita. Alikuwa mwema, na wema ulimshinda kidogo. "Naweza kukuambia kwa nini nilicheka siku ile. Siku chache kabla yako alipiga kijana mmoja, mpole sana. Hakuuliza bei, hakuuliza kasi. Swali lake la kwanza lilikuwa, mara ya mwisho mlianguka lini. Nikamwambia, kaka, katika miaka yangu yote hapa hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, umelitoa wapi swali hili? Akasema alifundishwa na mama yake."

"Alisema nani?"

"Mama yake. Alisema mama yake hanunui kitambaa kwa mtu ambaye hajawahi kukifua."

Mama Mapazia alisema asante. Alisema Mungu akubariki na sauti yako irudi. Akaweka simu mezani, akachukua kilichokuwa karibu, pazia la mteja, jipya, la rangi ya maziwa, akajifunika nalo uso akalia humo kama mtoto. Kijana hakuwa na mama. Mama yake alikuwa amezikwa kabla hajajua kutembea. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemfundisha habari ya kitambaa na kufua.

Bi Pini aliliokoa pazia kwanza, kisha akauliza.

Walipoyaweka pamoja, kila kitu kilikaa. Jumatatu ile Mkwe alisoma dari aliyokuwa akiitazama Bi Pini, akaelewa kwamba kuna mteja amepotea. Akaona haya. Akaihamisha tovuti kimya kimya kwa watu wa kuaminika, akaiondoa mashine chumbani, na chumba kikawa kimya, na binti akalala. Na pasi! Mama Mapazia alijipiga paji la uso. Binti huingia zamu asubuhi, na kabla ya zamu hunyoosha sare. Umeme wa nyumba yao ndogo haukuweza kubeba pasi na mashine kwa pamoja. Miezi yote ile, kila sare ilipopata mkunjo mzuri, mama mtu alipata ukurasa mweupe, na kijana hakumsema mkewe hata siku moja. Alisema ni hitilafu ndogo.

"Haya, lakini mbona haji?" Bi Pini akauliza. "Kama hajanuna?"

Mama Mapazia aliitazama stuli na lundo lake. Alikuwa anajua jibu, na lilimuuma mahali pazuri. "Aje kufanya nini? Haianguki."

Akavikusanya vitambaa vyote vya stuli akavitupa stoo. Akaweka birika kubwa. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, mama," Mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa hofu. "Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Tovuti imeanguka."

Simu ya Mkwe, ile inayopiga mluzi, ilikuwa haijapiga mluzi. Alikuwa nayo sikioni.

"Imeanguka, mama?"

"Imeanguka kabisa. Nyeupe peee."

Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa nyepesi, karibu ya kucheka, lakini hakucheka, kwa heshima. "Basi usiguse kitu, mama. Nakuja sasa hivi."

Alikuja mbio kweli, shati limenyooshwa kwa pasi isiyoogopa kitu. Alipangusa viatu, akavipangusa tena. Akakaa kwenye stuli, akafungua kompyuta, akaikunjia uso.

"Mmh," akasema.

"Ni mbaya?" Mama Mapazia akauliza, akimwekea chai.

"Itachukua muda, mama."

"Chukua. Hakuna anayekufukuza."

Wakati huo huo simu ya karakana ikalia kama kengele ya baiskeli. Oda mpya ilikuwa imeingia, madirisha mawili ya jikoni na pete zake, kupitia tovuti iliyoanguka. Ikalia vizuri, mpaka mwisho. Mama Mapazia akatazama sindano yake. Mkwe akatazama kibodi. Hakuna aliyesikia kitu.

Alipofika kikombe cha pili mgongo ulikuwa umelegea. Alisimulia kuhusu redio ya jirani na nati zilizobaki, hadithi ambayo walishaisikia, na walicheka pale pale walipokuwa wakicheka zamani. Chakula kikaja, akaongezewa bila kuulizwa. Mama Mapazia alishona marinda marefu yaliyonyooka, akimsikiliza, na hakumwambia kwamba anajua, wala hakuona haja.

Mwishowe Mkwe akafunga kompyuta. Alisimama na begi lake begani, akakuna kidevu.

"Nimeitengeneza, mama. Ila sikufichi, naona kama ina tabia ya kuanguka siku za Alhamisi."

"Alhamisi?"

"Hasa mchana. Wakati wa chakula."

Mama Mapazia aliinama juu ya meza, akachora mstari wa chaki kwenye kitambaa, mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi, mwanangu, uje mapema," akasema. "Kabla haijaanguka."

Na Bi Pini, ambaye safari hii hakuwa na pini hata moja mdomoni, hakusema neno.